Bartoli, DiDonato au Jaroussky: uanze na albamu ipi ya aria za Baroko?

Wengi wetu tulioimba kwaya za kanisani tulikutana na Handel kabla hatujalijua jina lake. Tulifundishwa "Haleluya" kwa nota za do-re-mi, tukagawana sauti ya kwanza hadi ya nne, tukaiimba Pasaka mpaka mashati yakalowa. Kumbe mtu huyo, kwa sehemu kubwa ya maisha yake mjini London, alijulikana kwa kazi nyingine: opera za Kiitaliano, yaani tamthilia zinazoimbwa. Rinaldo, ya kwanza aliyoitunga kwa jukwaa la London, ilichezwa mwaka 1711. Ya mwisho, Deidamia, ilichezwa mwaka 1741, na mwaka uliofuata ndipo watu wa Dublin wakaisikia "Haleluya" kwa mara ya kwanza.

Juzi mwenzangu wa sauti ya tatu aliniuliza: "Kaka, hizo aria za opera unazozisifu kila siku, mimi nianzie wapi?" Sikutaka kumpa opera nzima ya saa tatu, yenye wafalme sita wanaopendana kwa mzunguko. Njia nyepesi ni albamu ya aria, yaani nyimbo za mwimbaji mmoja ndani ya opera, zilizochaguliwa, mwimbaji mmoja na okestra moja. Ila albamu za aina hiyo ni nyingi, na zinatofautiana kuliko majalada yanavyoonyesha. Nikachagua tatu za Baroko, yaani muziki wa Ulaya wa takriban mwaka 1600 hadi 1750, ninazozisikiliza mara kwa mara, nikaziweka bega kwa bega.

Ya kwanza ni Sacrificium ya Cecilia Bartoli, mzaliwa wa Roma, akiimba na Il Giardino Armonico ya Milano chini ya Giovanni Antonini (Decca, 2009). Ya pili ni Drama Queens ya Mmarekani Joyce DiDonato, na Il Complesso Barocco ya Alan Curtis (Virgin Classics, 2012). Ya tatu ni Farinelli: Porpora Arias ya Mfaransa Philippe Jaroussky, na Venice Baroque Orchestra chini ya Andrea Marcon (Erato, 2013). Bartoli na DiDonato ni mezzo-soprano, sauti ya kike iliyo chini kidogo ya soprano. Jaroussky ni kauntatena, mwanamume anayeimba kwa sauti ya juu kama ya alto au soprano, bila kufanyiwa jambo lolote mwilini.

Nasema hivyo kwa makusudi, maana nyingi ya aria zilizomo katika albamu ya kwanza na ya tatu ziliandikwa kwa ajili ya watu waliofanyiwa. Msomaji wa Biblia anamkumbuka yule towashi wa Ethiopia katika Matendo ya Mitume. Italia ya karne ya 17 na 18 iliwatengeneza matowashi kwa ajili ya muziki. Mtoto wa kiume mwenye sauti nzuri, mara nyingi wa familia maskini, alihasiwa kabla ya kubalehe ili sauti isivunjike. Kisha alifundishwa miaka mingi, na Napoli ndiyo iliyokuwa na shule zilizotajika. Alipofikia utu uzima alikuwa na koo la mtoto ndani ya kifua cha mwanamume. Wachache walitajirika na kugombewa na wafalme, na walio wengi hawakufika popote. Sacrificium ni neno la Kilatini lenye maana ya sadaka, na Bartoli amelitumia kwa uzito wake wote. Kwenye jalada, kichwa chake kimewekwa juu ya sanamu ya marumaru ya mwili wa kiume. Nilipoliona mara ya kwanza nilishtuka. Nilipojua hadithi ya wale watoto, nililielewa.

Kabla ya kulinganisha, jambo moja kuhusu umbo la aria, kwa sababu bila hilo utachoka haraka. Hadithi ya opera husonga mbele katika sehemu za kusemwa kwa kuimba. Aria ikifika, hadithi inasimama na mhusika anabaki na hisia yake. Nyingi ya aria za mwanzo wa karne ya 18 hufuata mpango mmoja: sehemu ya kwanza, sehemu ya pili iliyo fupi na yenye rangi tofauti, halafu ya kwanza inarudi. Waitaliano wanauita da capo, yaani tangu kichwani. Na marudio hayaimbwi kama mwanzo. Mwimbaji anatakiwa aitie nakshi ile sauti, aizungushe, apande mahali alipokuwa ameshuka. Aliyekulia kwenye taarabu haambiwi zaidi: mwimbaji anayeurudia ubeti vilevile alivyouanza, hakuna anayeinuka kumtuza. Kwa hiyo albamu ya aria ipimie kwenye marudio. Hapo ndipo mwimbaji anapojitambulisha.

Nikaanza na dhoruba. Washairi wa opera za wakati ule walipenda sana kumlinganisha mtu aliyechanganyikiwa na chombo kilichozidiwa na bahari, kama washairi wetu wa pwani walivyofanya, na albamu zote tatu zina bahari hiyo. Bartoli anafungua kwa "Come nave in mezzo all'onde" ya Nicola Porpora, "kama chombo katikati ya mawimbi". Fidla zinaingia kwa kishindo, na yeye anaziparamia. Nota zinapita kwa mamia, na kila moja imegongwa peke yake, kama mvua ya mawe juu ya bati. Kuna wasioupenda uimbaji huo, wanasema unatetemeka mno. Mimi nadhani katika aria ya dhoruba uko mahali pake. Unausikia mwili ukifanya kazi, pumzi ikivutwa kwa haraka kabla ya kuzama tena.

Jaroussky naye ana ya Porpora, "Come nave in ria tempesta", chombo kilekile katika tufani mbaya. Sauti yake ni nyepesi na safi, haina mkwaruzo, na nota za kasi zinateleza kama shanga kwenye uzi. Ni nzuri kuisikiliza, lakini chombo hiki hakinitishi. Najua kitafika bandarini. Sauti zake za chini hazina uzito, na dhoruba bila uzito wa chini inabaki kuwa upepo. Hapa Bartoli anamshinda waziwazi.

DiDonato anaanza albamu yake kwa "Da torbida procella" ya Giuseppe Maria Orlandini, aria ya mtu aliyetokea kwenye tufani, na hapo kasi ina furaha ndani yake. Haimbi kwa haraka kuliko Bartoli wala kwa usafi kuliko Jaroussky. Anachowazidi wote wawili ni kwamba unasikia neno. Hata mtu asiyejua Kiitaliano anahisi kwamba mwimbaji anajua anasema nini.

Mtihani wa pili ulikuwa kilio, na hapa nilipata bahati, kwa sababu muziki mmoja umo katika albamu mbili kwa maneno mawili tofauti. Geminiano Giacomelli alitunga opera ya Merope kwa jukwaa la Venice mwaka 1734. Ndani yake Farinelli, towashi aliyesifiwa kuliko wote, aliimba "Sposa, non mi conosci". Ni mwanamume aliyerudi nyumbani akakuta hatambuliki: mke wangu, hunijui, mama, hunisikilizi, mbingu, nimefanya nini? Mwaka uliofuata Vivaldi aliandaa opera yake Bajazet huko Verona. Wakati huo kuazima aria za wenzako na kuziunga katika opera yako lilikuwa jambo la kawaida, naye akauchukua muziki huo na kuupa maneno mapya, "Sposa, son disprezzata". Sasa analia mwanamke: mimi mke nimedharauliwa, mimi mwaminifu nimetukanwa, mbingu, nimefanya nini? Na bado yeye ndiye moyo wangu, mume wangu, mpenzi wangu, tumaini langu. Kwa muda mrefu watu waliuimba wimbo huo wakidhani ni wa Vivaldi.

Bartoli katika Sacrificium ameimba maneno ya kwanza, ya mwanamume asiyetambuliwa. DiDonato ameimba ya pili, na jina la Giacomelli limeandikwa panapostahili. Fidla zinadunda taratibu chini, kama moyo wa mtu anayejizuia kulia. Bartoli anaiimba kwa sauti ndogo kabisa, karibu na kunong'ona, na marudio yanazidi kudidimia kuelekea ndani. Ukiisikiliza usiku kwa spika za masikioni unaweza kusahau kupumua. DiDonato anafanya kinyume. Anaanza akiwa ameumia, anarudi akiwa ameumia na kukasirika, na neno disprezzata analitamka kana kwamba kalisikia kwa mtu leo asubuhi. Nimezirudia aria hizi mbili mara nyingi. Kwa uzuri wa sauti nampa Bartoli. Kwa kunifanya nimwamini huyo mtu anayelia, nampa DiDonato, tena bila kusita.

Huo ndio moyo wa ulinganisho huu kwangu. Aria iliyotolewa kwenye opera yake imepoteza watu wake: hujui nani amemsaliti nani, wala nini kimetokea dakika moja kabla. Mwimbaji akikupa sauti tupu, utastaajabu aria tatu, nne, kisha masikio yatajaa. Akikupa mtu, utasikiliza hadi mwisho. Mpango wa Drama Queens unasaidia sana hapo. Wote wanaoimba ni malkia na mabinti wa kifalme wakiwa katika saa yao mbaya, na muziki wao umetoka kwa watunzi wengi, kuanzia Monteverdi wa mwaka 1643 hadi Armida ya Haydn ya mwaka 1784. Armida hiyo tayari iko nje ya Baroko kwa hesabu ya wengi, na sioni ubaya. Masikio yanapumzika kwa sababu kila mtunzi ana mkono wake. "Disprezzata regina" ya Monteverdi, kilio cha Ottavia mke wa Nero, haina da capo wala nakshi. Ni maongezi yaliyogeuka wimbo, yanakatika, yanarudi, yanatukana. Ukitoka hapo ukaingia "Madre diletta" ya Giovanni Porta, ambamo Ifigenia anamuaga mama yake kabla ya kutolewa kafara, ni kama umetoka kwenye mahakama ukaingia chumba cha msiba.

Kuna Kleopatra wawili pia, na nakushauri uwasikilize wakifuatana. Wa mtunzi Hasse, katika "Morte col fiero aspetto" ya mwaka 1725, anaitazama mauti usoni na kusema haimtishi. Mtu wa kwanza kuimba nafasi hiyo ya malkia alikuwa Farinelli, kijana wa miaka 20, naye Antonio akaimbwa na mwanamke, Vittoria Tesi. Masikio ya wakati ule hayakuona tabu. Kleopatra wa Handel, katika "Piangerò la sorte mia" ya mwaka 1724, analia polepole juu ya bahati yake. Katikati muziki unabadilika ghafla: anaapa kwamba akifa atarudi kuwa mzuka, amsumbue yule dhalimu usiku na mchana. Kisha kilio kinarudi. DiDonato anakirudisha kwa sauti iliyochoka, ya mtu aliyekwisha kutumia hasira yake yote. Hayo ndiyo marudio ninayoyazungumzia.

Usinielewe kwamba Jaroussky ni wa kuachwa. Albamu yake ina wazo lililo safi kuliko zote tatu: mwalimu na mwanafunzi. Porpora alimfundisha Farinelli tangu utoto, akamtungia aria kwa kuijua kila pembe ya sauti yake, kama fundi cherehani anayemshonea mwanawe. Baadaye Farinelli alikwenda London, kisha mwaka 1737 akaitwa Hispania kumwimbia Mfalme Felipe wa Tano aliyekuwa akisumbuliwa na huzuni nzito, na akaacha kabisa kuimba jukwaani mbele ya watu wanaolipa. Porpora yeye alizeeka katika dhiki. Alipokuwa Vienna alihudumiwa na kijana mmoja aliyempigia kinanda na kumsafishia viatu ili apate kufundishwa. Kijana huyo ni Haydn, ambaye Armida yake tumeiona kwa DiDonato.

Na katika albamu hiyo kuna "Alto Giove", kutoka opera ya Polifemo iliyochezwa London mwaka 1735. Mchungaji Aci amepondwa kwa jabali na jitu lenye wivu. Miungu imempa uhai usio na mwisho, naye anashukuru: ewe Jupita mkuu, ni neema yako, ni fahari yako. Sauti inaingia juu ya nota moja, ndogo kama uzi wa buibui, inavimba taratibu, inajaa, kisha inanywea tena bila kukatika. Farinelli alisifiwa kwa jambo hilo hasa. Tulipokuwa tukisubiri wenzetu Jumamosi kwenye chumba cha mazoezi, niliiweka kwa spika ndogo. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa anapanga karatasi za nota. Aliacha, akasikiliza hadi sehemu ya kwanza ilipoisha, akauliza, "Huyu anapumua saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Wepesi uleule uliomwangusha Jaroussky kwenye dhoruba, hapa ndio unaombeba. Sauti nzito ingeiharibu aria hii. Ukiniambia nichague wimbo mmoja tu kutoka albamu zote tatu, nitachukua huu. Lakini wimbo mmoja si albamu, na aria za Porpora zikifuatana kwa saa nzima zinaanza kufanana. Bartoli anakuja kama mgeni katika nyimbo mbili za kupokezana, na anapoingia unahisi dirisha limefunguliwa.

Kuhusu okestra nitasema kwa ufupi. Zote tatu hupiga ala za mtindo wa wakati ule: fidla zenye nyuzi za utumbo, hapsikodi, kinanda ambacho nyuzi zake hudonolewa badala ya kugongwa. Il Giardino Armonico ni moto, mara nyingine moto mno. Venice Baroque Orchestra ni laini na yenye kung'aa. Il Complesso Barocco ya Curtis, mpiga hapsikodi na mtafiti aliyefariki mwaka 2015, ndiyo ya utulivu kuliko zote, na wapo wanaoiona imepoa. Kwa anayeanza nadhani utulivu huo ni faida, kwa kuwa unaiachia sauti nafasi.

Ukinunua Sacrificium, angalia toleo. Lilitoka la CD moja na lingine la CD mbili, na kilio cha Giacomelli kimo katika CD ya pili, pamoja na "Ombra mai fu" ya Handel na "Son qual nave" ya Riccardo Broschi, kaka yake Farinelli. Mimi niliuziwa la CD moja na duka la mtandaoni nikidhani nimepata vyote, nikakosa aria niliyoifuata. Siku hizi kabla ya kulipa nasoma orodha ya nyimbo mstari kwa mstari. Toleo kamili lina pia kitabu kinene chenye habari za matowashi, na kwa anayependa historia kitabu hicho peke yake kinatosha kulipia. Ukisikilizia simu kupitia intaneti, tatizo ni jingine: unakosa maneno. Tafuta kwanza maneno ya aria na tafsiri yake, hata ya Kiingereza, uyasome mara moja, ndipo ubonyeze. Maneno ni mistari minne hadi minane tu. Ukishayajua, dakika saba za muziki hazikupotezi tena.

Nilitaka kuishia kwenye tatu, ila kwa mtu wa kwaya sina budi kuitaja ya nne: Handel Arias ya Lorraine Hunt Lieberson, pamoja na Orchestra of the Age of Enlightenment na Harry Bicket (Avie, 2004). Si albamu ya opera tupu. Kuna opera ya Serse, kuna kantata, utungo mfupi wa kuimbwa, ya La Lucrezia, na kuna aria za Theodora, oratorio (hadithi ya dini inayoimbwa bila kuigizwa) ya mwaka 1750 kuhusu wafiadini Wakristo wa Antiokia, iliyoandikwa kwa Kiingereza. Mwimbaji huyu alianza kama mpiga viola, alifariki mwaka 2006, na aliimba kana kwamba nakshi zote ni mzigo anaotaka kuutua. Ukisikia kwamba mbio za Bartoli zinakuchosha na Kiitaliano kinakufungia mlango, ingilia hapa. Maneno ya Theodora utayaelewa moja kwa moja, na sala utaitambua.

Basi mwenzangu nilimjibu hivi. Anza na Drama Queens, usikilize aria mbili kwa siku, na "Piangerò" iwe ya kwanza. Wiki ya pili chukua Jaroussky, uende moja kwa moja kwenye "Alto Giove", halafu zile mbili anazopokezana na Bartoli. Sacrificium iache ya mwisho, ukiwa umeshazoea marudio na unajua kinachofanyika kooni. Ukiianza hiyo kabla, utavutiwa na kasi ukose kusikia kilio. Alinishukuru, akaenda. Jumamosi iliyofuata alikuja mazoezini mapema kuliko wote, simu mkononi, na kabla hata ya kunisalimu akaniuliza yule malkia mzuka alimpata dhalimu wake au la.